Kiapo cha Benadeta

Pale Nyaishozi watu wote walimjua kwa jina la Vero. Vero wa duka la dawa, binti wa mzee Nestory, ambaye ukimwendea na mtoto mwenye homa atakukalisha kwanza wewe mzazi, ndipo amshike mtoto. Ni kwenye vyeti tu ndipo alipokuwa mtu mwingine. Cheti chake cha kidato cha nne kiliandikwa Kemilembe Kaijage, na kitambulisho cha taifa alichokipata kwa cheti hicho kiliandikwa vivyo hivyo.

Jambo hilo halikuwa geni. Vero alipofeli darasa la saba, mwalimu mkuu wa wakati ule alimwambia Nestory kwamba mtoto anaweza kurudia, ila si kwa jina lake, maana kurudia hakuruhusiwi. Lipo jina la mtoto wa kijiji cha Igurwa aliyeacha shule. Litaandikiwa uhamisho, na Vero atalikalia. Nestory akampelekea mwalimu beberu, Vero akarudi darasani akiwa Kemilembe, na safari ile akafaulu. Wengi walisoma hivyo. Baadhi yao leo ni walimu na manesi, na hakuna aliyewauliza kitu.

Alipomaliza kidato cha nne hakuwa na wa kumpeleka mbele zaidi, akaingia kuuza dawa katika duka la Nasreen, mama wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani akaja kufungua biashara huku juu. Walifanya kazi pamoja mpaka Vero akavuka miaka thelathini, akazaa, akaachwa, akarudi kwa baba yake na binti mmoja. Siku moja baada ya wakaguzi kupita, Nasreen alifunga mlango wa nyuma akamwambia, "Mwanangu, kuanzia mwakani hawataki mtu asiyesomea dawa asimame hapa. Nimewaambia wewe unajua kuliko hao wanaotoka vyuoni. Wakasema basi aende chuo arudi na cheti."

"Chuo kwa ada gani, mama?"

"Serikali inakopesha. Hata watu wazima wanakopeshwa siku hizi, wa afya ndio wanatakiwa hasa. Omba."

Aliomba chuo, akapata nafasi ya stashahada ya famasia huko Mwanza. Kisha akaanza kuomba mkopo kwenye simu ya Nasreen, jioni duka likiwa limetulia. Walikwenda vizuri mpaka fomu ilipodai cheti cha kuzaliwa. Vero hakuwa nacho. Na cheti hicho kilitakiwa kifanane na vyeti vya shule, jina kwa jina, pamoja na majina ya baba na mama. Kama mzazi amefariki, iletwe hati ya kifo.

Nasreen alivua miwani. "Baba yako ni Nestory," alisema. "Hapa pameandikwa Kaijage."

"Ndiyo, mama."

"Sasa huyo Kaijage ni nani?"

Vero hakujua. Miaka yote hiyo hakuwahi kumjua.

Alimkuta baba yake uani akichambua kahawa kwenye ungo. Alimwamkia, akaketi kando yake, akamuuliza yule Kemilembe alikuwa mtoto wa nani. Nestory aliendelea kutupa punje mbovu.

"Wa Igurwa," alisema. "Mwalimu aliniambia ni wa nyumba ya Kaijage, ameacha shule. Sikuuliza zaidi. Ningeuliza ingekuwa nini? Nilitaka usome."

"Nataka kwenda kwao."

"Usiende, Vero. Mtu unayemkalia jina lake huendi kumgongea mlango."

"Nisipokwenda nitalima na wewe hapa mpaka tuzeeke wote wawili."

Mzee aliinuka, akaingia ndani na ungo wake.

Njiani kuelekea Igurwa, juu ya bodaboda, Vero alijipangia maneno. Alimwaza Kemilembe kuwa mwanamke wa rika lake, ameolewa mahali, ana watoto wanne au watano, mikono yenye sugu. Atamwomba radhi. Atamwambia, dada, jina lako limekaa vizuri kwangu, sijalichafua. Alimbebea kitenge na sukari. Alihofia tu mumewe asiwe mkali.

Alipoulizia njia, waliokaa senta walimwambia Kaijage amekwisha kufa, lakini mjane wake yupo, anaitwa Benadeta. Akafika kwenye nyumba ya bati yenye kibanja cha migomba nyuma yake. Mama mmoja mwembamba alikuwa anapalilia maharage. Vero alipiga magoti akamwamkia kwa Kinyambo, naye akaitikia kwa upole, akaweka jembe chini, akamuuliza ametokea wapi.

"Nyaishozi, mama. Namtafuta Kemilembe."

Yule mama alijifuta udongo mikononi. "Kemilembe yupi?"

"Wa Kaijage. Binti yako."

"Una shida naye?"

"Tuna mazungumzo kidogo."

"Njoo," alisema Benadeta.

Alimtangulia kuingia kwenye migomba. Vero alimfuata na mfuko wake wa sukari, akidhani wanakwenda nyumba ya nyuma. Benadeta alisimama penye makaburi mawili. Moja lilikuwa la saruji, refu. La pili lilikuwa fupi, la udongo, limefyekwa vizuri, na juu yake msalaba wa mbao wenye maandishi ya rangi nyeupe. Kemilembe. Alikuwa amekufa akiwa darasa la sita, mwaka uleule ambao Vero alifeli.

"Zungumza naye," alisema Benadeta.

Vero alikaa chini palepale kwenye majani makavu. Alisema yote, mwalimu, beberu, uhamisho, vyeti, duka, mkopo. Alisema akitazama udongo. Alipomaliza alingoja kufukuzwa.

Benadeta aliuliza, "Kwa hiyo alifika kidato cha ngapi?"

Vero hakuelewa.

"Kemilembe. Kwa serikali. Alifika wapi?"

"Kidato cha nne, mama."

"Alifaulu?"

"Daraja la tatu."

"Hesabu alikuwa haziwezi," alisema Benadeta. "Huko alizipata?"

"Hapana. Alipata biolojia."

Benadeta alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza habari za safari. Aliomba kukiona cheti. Hakujua kusoma, Vero akamwekea kidole kwenye jina. Alikishika kwa ncha za vidole asikichafue, muda mrefu, kisha akakirudisha.

"Nenda nyumbani," alisema. "Sukari yako nenda nayo. Sijui nikujibu nini."

Zilipita siku nyingi. Vero alikwisha kumwambia Nasreen kwamba imeshindikana, ndipo Benadeta alipompigia kwa simu ya jirani. Benadeta hakusalimia.

"Homa ilimshika jioni," alisema. "Baba yake alikuwa safarini. Nilimbeba mgongoni mpaka duka la dawa la hapa senta. Aliyekuwa akiuza alikuwa kijana tu, hakuwa amesomea. Alimtazama akasema ni minyoo. Akanipa vidonge, nikashukuru, nikarudi naye. Alfajiri akaanza kukakamaa. Ilikuwa malaria ya kichwani." Kisha akaongeza, "Njoo tufanye hiyo karatasi yako. Ukasome kweli."

Karatasi ya kwanza ilikuwa barua ya kijiji. Mwenyekiti, mzee Kamugisha, aliwasikiliza nje ya nyumba yake, mhuri ukiwa mfukoni. Alipomaliza kusikiliza alicheka kidogo bila furaha.

"Benadeta, kaburi la mwanao nilichimba mimi na Kaijage. Unataka niandike kwamba yuko hai?"

"Nataka uandike kwamba Kemilembe ni mwanangu na ni mzaliwa wa hapa. Hilo ni uongo?"

"Si uongo. Lakini kesho akija mtu wa serikali kuuliza, ataoneshwa msalaba wenye jina hilohilo. Mimi nitajificha wapi?" Aliutazama mlima wa ng'ambo, kisha akasema, "Mwambie huyu binti akirudi kusoma asitusahau. Na msalaba ule uutoe. Nikipita nisiuone, nitagonga."

Vero alisema basi waache. Alisema hivyo mara mbili, njia nzima ya kurudi. Walipofika Benadeta aliingia kwenye migomba peke yake, na Vero, aliyebaki uani, alisikia mbao ikitikiswa ardhini, ikagoma, ikatikiswa tena. Benadeta alitoka na msalaba umefungwa ndani ya kanga, akaupitisha mlangoni akausukuma chini ya kitanda. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Alinawa, akapika ndizi, wakala.

Kamugisha aligonga mhuri, na siku ya kiapo cha mzazi walikwenda mahakamani Kayanga wote wawili, kabla ya kuomba cheti cha kuzaliwa. Benadeta alivaa gauni lake la kanisani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo alirudia maneno baada ya kusomewa, neno moja moja, mkono juu ya Biblia. Kwamba yeye ni Mkristo na mtu mzima. Kwamba Kemilembe Kaijage ni binti yake wa kumzaa, yu hai, na ndiye huyu aliyesimama mbele yenu. Kwamba hayo yote ni kweli kadiri ajuavyo, na Mungu amsaidie. Alipofika kwenye "yu hai" sauti yake ilipotea, akaambiwa arudie. Akarudia kwa nguvu. Kisha akabonyeza dole gumba.

Nje alimwambia Vero, "Sasa usinipe asante. Usiniambie neno hilo."

Rwegasira, mtoto wa pili wa Benadeta, alikuwa amehamia Bugomora kwa upande wa mkewe. Habari zilimfikia kule. Alikuja dukani Nyaishozi siku ambayo cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimetoka, hati ya kifo cha Kaijage imepatikana na fomu imekamilika, kijana mrefu, viatu vimejaa vumbi jekundu. Nasreen alipoona anavyopumua aliwapisha.

"Wewe ndiye dada yangu?" aliuliza.

Vero aliweka chini vidonge alivyokuwa akihesabu.

"Nimekwenda nyumbani nimekuta msalaba wa kaburini umeng'olewa. Nikamuuliza mama, akaniambia nisiulize. Unataka nini kwetu? Kibanja?"

"Sitaki hata mgomba mmoja. Niandikishe popote nikubali kwamba sirithi."

"Nikuandikishe kama nani? Kama Kemilembe au kama Vero?" Alisogea karibu na meza ya dawa. "Ningeweza kwenda polisi leo. Lakini atakayefungwa ni mama, maana yeye ndiye aliyeapa. Umejipanga vizuri."

"Sikupanga hivyo."

"Lakini imekuwa hivyo," alisema Rwegasira, akatoka.

Usiku ule Vero aliishika simu aliyoazimwa na Nasreen, kidole juu ya kitufe cha kutuma. Angeweza kuacha. Kiapo kingebaki ni kiapo tu, cha mama mmoja wa shamba, na hakuna ambaye angekikumbuka. Alimtazama binti yake aliyelala, akamsikia baba yake akikohoa upande wa pili wa ukuta. Akatuma.

Mkopo ulitoka. Alipangiwa ada yote na fedha ya kujikimu, na Nasreen akamnunulia begi. Nestory alimsindikiza mpaka barabarani, akamwambia asome, ila hakumwita kwa jina lolote. Chuoni Vero alikuwa mkubwa kuliko wote darasani kwake, na vijana walimwita Mama Kemi. Kila jioni Benadeta alimpigia kwa simu ya jirani. Aliuliza mambo machache, umekula, mmefundishwa nini, dawa ya malaria ya watoto mmeifikia? Vero alimweleza kwa kirefu. Alizizoea simu hizo, na siku ambayo simu haikuita alikosa raha.

Katika siku za kwanza za Novemba ilimpigia namba asiyoijua.

"Ni Rwegasira," sauti ilisema. "Jana ilikuwa Siku ya Marehemu. Kila mwaka mama anapeleka bahasha parokiani, majina ya wafu wetu wasomewe misa. Baba, babu, bibi, Kemilembe. Kila mwaka tangu nikiwa mdogo. Jana padri alisoma majina ya nyumba yetu, la Kemilembe hakulisoma. Nikadhani amelisahau. Nikaenda kuuliza, wakanionesha bahasha. Mama hakuliandikisha."

Vero alikuwa amekaa kitandani, daftari mapajani. "Labda amechanganyikiwa," alisema.

"Hajachanganyikiwa. Anapanga kahawa, anahesabu magunia, ananikaripia. Nilitaka tu ujue." Akakata.

Likizo ya Krismasi Vero hakwenda kwanza Nyaishozi. Alishuka njia ya Igurwa. Ilikuwa msimu wa senene, na Benadeta alikuwa jikoni akiwanyofoa mabawa na miguu, ungo umejaa. Alifurahi kumwona. Alimwita Kemi, akampa kigoda, akasema amekonda. Vero alichukua senene akaanza kunyofoa naye. Baada ya muda alisema, "Mama, mimi ni Vero. Binti wa Nestory wa Nyaishozi."

Mikono ya Benadeta haikusimama. "Unadhani sijui? Unadhani sijui niliyemzaa na niliyemzika?"

"Rwegasira aliniambia habari za misa."

"Rwegasira ana mdomo."

"Kwa nini, mama?"

Benadeta aliusogeza ungo pembeni. Alizungumza kwa Kinyambo, polepole, kama anayemweleza mtoto. "Nimeweka mkono juu ya Biblia nikasema yu hai. Siku ile sikuona uzito wake. Niliona karatasi. Lakini nilipofika nyumbani jioni nikataka kumwombea kama kawaida, raha ya milele umpe, nikashindwa. Nikimwombea raha ya milele, nimesema amekufa, basi niliapa uongo. Nisipomwombea, yuko huko peke yake hana mtu. Nilikesha. Mwisho nikasema, nimekwisha kuapa. Siwezi kumdanganya Mungu asubuhi mahakamani na jioni kitandani."

"Nenda kwa padri, uungame. Atakuondolea."

"Nilikwenda. Akasema nirudi nilikoapia niseme kweli, ndipo aniondolee. Nikirudi kusema kweli wewe unafukuzwa chuo, na mimi sijui wanafanywa nini watu kama mimi."

"Basi twende. Kesho. Nitaacha chuo, mama. Nitasema mimi ndiye niliyekushawishi."

Ndipo Benadeta alipokasirika, mara ya kwanza tangu wajuane. "Uache? Nimemnyima mwanangu sala tangu wakati ule, halafu uache? Atakuwa amekosa bure?" Alishusha sauti. "Utasoma mpaka mwisho. Utasimama dukani, na mtoto akiletwa ana homa utajua ni nini. Mimi nitajua la kwangu na Mungu nikifika."

Vero alimshika magoti. Benadeta alimwacha amshike, lakini hakumgusa. Kisha akauvuta ungo, akaendelea na senene, na baadaye akawakaanga, akamwekea Vero sahani ya kwanza, akamsimamia mpaka akamaliza. Usiku walilala kitanda kimoja. Vero hakupata usingizi. Pembeni yake alimsikia mama yule akianza sala yake ya usiku, akitaja mumewe, wazazi wake, mdogo wake aliyezama mtoni, kisha akinyamaza kidogo mahali fulani, na kuendelea.

Asubuhi Rwegasira alikuwa uani. Alikuja kula sikukuu na mama yake. Hakumtukana Vero wala hakumkaribisha. Benadeta alipomwambia amsindikize dada yake barabarani alichukua begi bila neno, wakashuka wote kwenye njia ya kahawa, yeye mbele.

Barabarani walingoja gari. Vero alisema, "Nilimwambia niache. Amekataa."

"Najua. Mimi pia nilimwambia."

"Hutaki kunisamehe, sikulaumu."

Rwegasira aliliweka begi juu ya jiwe lisilowane na umande. Alikuwa anatazama upande gari litakakotokea.

"Nilikuwa mdogo alipokufa," alisema. "Picha hatukuwa nayo. Nilikuwa na mambo machache tu ya kwake kichwani. Alinifundisha kufunga kamba za viatu. Alikuwa na pengo hapa. Alinibeba siku moja tukapita kwenye mto." Ndipo akamtazama Vero. "Siku hizi nikijaribu kumkumbuka, aliyenibeba ana sura yako."

Gari lilitokea kwenye kona, likapunguza mwendo. Konda alishuka akachukua begi, akauliza wanakwenda wangapi.

"Mmoja," alisema Rwegasira, akageuka kupanda njia ya nyumbani kabla Vero hajaketi.